Babula ya vifaranga isilale ndani



Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200, na wakati wa mvua usiku ni baridi. Kifaranga wa wiki moja hawezi kuvumilia. Basi tunaweka babula ya makala chumbani, tunafunga mlango kwa sababu ya baridi na wezi, na watoto wanalala pembeni. Desturi hiyo tuiache.

Wengi wanasema: makala yakisha kuwa mekundu na moshi umeisha, hatari imeisha. Hapana. Moshi unakohoza, unaweza kukuamsha. Makala mekundu yanatoa hewa nyingine, monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anapumua, lakini mwili haupati kitu. Aliyelala anaweza asiamke tena. Na ile sufuria ya maji juu ya babula haiondoi hewa hiyo hata kidogo.

Dalili zinafanana na malaria: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kulegea. Lakini mara nyingi hakuna homa, na watu wa nyumba moja wanashikwa pamoja, kisha wakitoka nje wanapata nafuu. Ukiona hivyo, toa watu wote nje, acha milango wazi, kimbia kituo cha afya. Mwambie muuguzi: «Babula ililala ndani.» Bila neno hilo atapima malaria tu, na dawa ya hii ni oksijeni.

Sasa vifaranga? Jaza maji ya moto (yasiyochemka) katika bidoni ya lita 5, izungushie gunia, weka katikati ya kisanduku chenye nyasi kavu. Usiku wa manane badilisha maji. Wafugaji wa Kenya wana pia kisanduku kisicho na moto wala maji: nyasi nyingi kavu pande zote zinazuia joto la vifaranga wenyewe lisipotee. Sisi tunakipenda hiki zaidi, maana nani anafurahi kuamka saa nane? Acha tu matundu ya hewa. Wakisongamana na kulia, wanasikia baridi. Wakitawanyika na kuachama midomo, joto limezidi.

Wenye jenereta pia: hewa ni ile ile. Isiwashwe ndani ya depo ya koperative hata mlango ukiwa wazi, wala barazani chini ya dirisha. Iweke nje kabisa, angalau mita 6 kutoka nyumbani.