Ua Lisilojulikana Bustanini: Maswali na Majibu Kuhusu Kuutambua Mmea Ulioota Wenyewe

Swali: Mmea umeota wenyewe kando ya nyumba na sasa umechanua. Uchunguzi uanzie wapi?

Jibu: Uanzie kwenye shina na majani, wala si kwenye rangi ya ua, kwa kuwa maua meupe au ya manjano hupatikana kwenye mamia ya mimea isiyo na undugu wowote. Kwanza hutazamwa mpangilio wa majani, yaani namna yanavyokaa shinani: majani ya kishona nguo hukabiliana mawili mawili kwenye kila kifundo, ambapo kifundo ni pale jani linapochomoza, ilhali majani ya mgagani hupishana, moja upande huu na lifuatalo upande mwingine juu yake. Kisha huangaliwa kama jani ni sahili, lenye bapa moja, au ni ambatani, yaani lenye vijani kadhaa juu ya kikonyo kimoja.

Swali: Na ua lenyewe huchunguzwaje?

Jibu: Huchunguzwa kutoka nje kwenda ndani, kwa kuhesabu. Nje kabisa huwa na sepali, ambazo hulifunika ua likiwa bado tumba. Hufuata petali, ndizo zenye rangi. Halafu stameni, nyuzi zinazobeba chavuo, yaani unga wa uzazi wa kiume. Na katikati ovari, ambayo baadaye huwa tunda. Mgagani ni mwalimu mzuri wa somo hili. Juu ya petali zake nne huinuka kijiti chembamba, na stameni sita, badala ya kutokea chini pamoja na petali, huchomoza kwenye kijiti hicho hicho kana kwamba zimepandishwa ngazi, huku ovari nyembamba iliyo juu yake ikirefuka na kufanana na ganda la choroko. Anayeliona umbo hilo mara moja hatalisahau.

Tahadhari moja yahitajika kuhusu familia ya alizeti, ambayo kishona nguo ni mmoja wa mimea yake: kinachodhaniwa kuwa ua moja ni kichwa chenye maua mengi madogo yaliyobanana, na kila kinachoitwa petali pembezoni mwa kichwa hicho ni ua zima lililorefuka upande mmoja.

Swali: Je, jina la kienyeji halitoshi?

Jibu: Latosha sokoni, lakini halitoshi kwa utambuzi. Mgagani huo huo Wagusii huuita chinsaga na Wanyarwanda huuita isogi, na kinyume chake jina moja la mnavu hubeba spishi kadhaa. Ndiyo maana hutumika jina la kisayansi lenye sehemu mbili, jenasi na spishi, utaratibu ambao Carl Linnaeus wa Sweden aliutumia kwa mimea yote katika kazi yake ya mwaka 1753. Mgagani huandikwa Gynandropsis gynandra.

Swali: Ni mmea upi usiofaa kucheleweshwa kutambuliwa?

Jibu: Ni gugu karoti, Parthenium hysterophorus, lenye asili ya Amerika ya kitropiki, ambalo liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Likiwa changa hulala chini kama sahani ya majani yaliyochanwachanwa mfano wa majani ya karoti, na kwa sababu hiyo wengi huliacha. Baadaye huinua shina lenye mifereji ya wima na kutoa vichwa vyeupe vya milimita chache, kila kimoja kikiwa na vipembe vitano. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Kuligusa huwasha ngozi za watu wengi, chavuo chake huchochea pumu, na ng'ombe akilila maziwa yake huwa machungu. Ling'olewe kabla ya kuchanua, mikono ikiwa na glovu.

Swali: Programu za simu zinaaminika?

Jibu: Zinafaa kupunguza idadi ya mimea inayodhaniwa, mradi zipewe picha ya jani, ya ua kwa mbele na kwa ubavu, na ya tunda. Si hukumu ya mwisho.

Swali: Sampuli huandaliwaje kwa ajili ya mtaalamu?

Jibu: Hukatwa tawi lenye majani, maua na, ikiwezekana, matunda, likabanwa kati ya karatasi za magazeti zinazobadilishwa kila siku hadi likauke. Huandikwa mahali, tarehe, kimo, harufu na hasa rangi ya ua, maana rangi hupotea. Sampuli kama hizo hulinganishwa na zilizohifadhiwa katika hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, kama ile iliyopo Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi na ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi kuu ya kuieleza mimea ya Afrika Mashariki, iliyochapishwa kati ya mwaka 1952 na 2012, ina spishi zaidi ya 12,000, hivyo kusubiri jibu si jambo la ajabu.

Katika muda huo wa kusubiri, mmea usipikwe wala usichemshwe kuwa dawa, kwani mnanaha, wenye ua jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba, nao huota wenyewe karibu na nyumba, na una sumu kuanzia mizizi hadi mbegu.