Kuwapeleka watoto Mapango ya Amboni

Mapango ya Amboni yako Kiomoni, kilomita kama 8 kaskazini mwa jiji la Tanga, karibu na barabara iendayo Horohoro na Mombasa. Kufika si kazi: asiye na gari atapanda daladala, kisha bodaboda. Kazi iko ndani. Kuna giza totoro, mahali pengine njia inabana hadi mtu mzima ainame, na popo wanapita juu ya vichwa. Familia iliyojipanga hutoka humo watoto wakiuliza maswali njia nzima. Isiyojipanga hutoka na mtoto anayelia na simu iliyopasuka kioo.

Siku na saa

Epuka masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwa sababu udongo unateleza nje na ndani. Juni hadi Septemba ni miezi mizuri zaidi. Fikeni asubuhi, watoto wakiwa bado na nguvu na jua la Tanga halijawa kali. Ulizieni mapema kiingilio na namna ya kulipa, na mbebe vitambulisho, kwa kuwa raia na mgeni hawatozwi sawa.

Mavazi na mwanga

Vaeni viatu vya kufunika vidole, vyenye soli inayoshika. Ndala ziacheni kwenye gari. Anayevaa baibui, kanzu au dera avae suruali ndani ili aweze kulikunja vazi na kulifunga kiunoni pale pa kupanda. Kila mtu awe na tochi yake, na ile ya kufunga kichwani ndiyo bora, maana mikono yote miwili itahitajika kushika mwamba. Taa ya simu iwe akiba tu.

Mtoto wa mbeleko ahamishiwe kifuani. Mama akiinama kupita penye dari fupi, yeye hupita salama na kichwa cha aliye mgongoni ndicho kinachogonga jiwe. Ikiwa kuna bibi mwenye magoti mabovu au mtu mwenye pumu, abaki nje kivulini na mtu wa kukaa naye. Vumbi lenye kinyesi cha popo si zuri kwa mapafu. Barakoa inasaidia, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula chochote.

Somo lianzie jikoni

Siku mbili kabla ya safari, weka ganda la yai kwenye kikombe, ulikamulie ndimu au ulimiminie siki, uwaite watoto watazame. Baada ya muda mfupi ganda linaanza kutoa mapovu. Ganda la yai na jiwe la chokaa kwa sehemu kubwa ni kitu kimoja, na tindikali inavila vyote viwili.

Waeleze kwamba mapango yalichimbwa vivyo hivyo, ila polepole mno. Mawe ya Amboni yalijijenga chini ya bahari enzi za dinosaria, kipindi cha Jurasiki. Baadaye maji ya mvua, yakiwa yamebeba hewa ya ukaa kutoka angani na kwenye udongo, yakawa na uchachu kidogo, yakapenya kwenye nyufa na kulila jiwe. Tone linaloning'inia darini huacha chembe ya chokaa, na chembe juu ya chembe zinakuwa stalaktiti. Tone likianguka, linajenga stalagmiti kutoka chini. Mtoto aliyeyaona mapovu jikoni atayatafuta matone pangoni bila kusukumwa.

Ndani ya pango

Msiingie bila kiongozi. Eneo lina mapango 10 na ni moja tu linalotumika kwa utalii wa kawaida; mengine si ya kujaribu. Pangeni mstari: kiongozi mbele, mtu mzima, watoto, kisha mtu mzima wa mwisho ambaye haruhusu yeyote abaki nyuma yake. Kabla ya kuingia, mkubaliane na kiongozi itakuwaje mtoto akiogopa katikati ya njia. Anayetaka kutoka atolewe, na asichekwe.

Viongozi wana mazoea ya kuonyesha maumbo kwenye miamba: mamba, meli, Mlima Kilimanjaro. Mwombe asubiri kidogo, watoto wataje kwanza wanachokiona wao. Kisha, kama wote wameridhia, zimeni tochi zote kwa nusu dakika. Giza la chumbani usiku huwa na mwanga kidogo. La pangoni halina hata chembe.

Mtasikia pia simulizi. Ipo ya mbwa aliyeingia Amboni akatokea karibu na Kilimanjaro, na ipo ya Osale Otango, aliyesakwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950 akajificha humu. Hadithi ya mbwa ifurahieni, lakini mtoto ajue pia kwamba upimaji uliofanywa mwaka 1994 ulikuta pango refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Osale ni mtu wa kweli, na wazee wa Tanga bado wanabishana kama alikuwa jambazi au mpigania haki. Mada hiyo inafaa kwa safari ya kurudi.

Mtafika pia mahali pa mzimu, ambapo watu huja kuomba na kuacha sadaka. Hata kama imani yenu ni nyingine, watoto wasiguse kilichowekwa wala wasidhihaki. Pale ni mahali pa ibada ya watu.

Mikono mifukoni

Kanuni moja irudiwe mlangoni: tunashika mwamba wa kutuzuia tusianguke, hatushiki mawe yanayoning'inia. Mafuta ya vidole hulizuia tone lisiache chokaa yake, na jiwe husita kukua. Stalaktiti kwa kawaida hairefuki hata milimita moja kwa mwaka. Mtoto akivunja ncha ya urefu wa kidole, wajukuu wa wajukuu wake hawataiona imerudi. Basi picha pigeni mnavyotaka, jiwe liacheni pale pale.