Homa, Degedege na Nyuni: Mchango wa Sayansi ya Jamii katika Vita dhidi ya Malaria

Kwa muda mrefu malaria ilichukuliwa kuwa suala la mbu, dawa na daktari. Mzazi ambaye hakumfikisha mtoto hospitalini kwa wakati alidhaniwa kuwa mjinga au mzembe. Wanasayansi ya jamii waliofanya utafiti katika pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1990 waliitilia shaka dhana hiyo, na mojawapo ya maswali yao ya awali lilihusu lugha: mama anaposema mtoto ana homa, anakusudia nini hasa?

Katika Wilaya ya Bagamoyo, Tanzania, Peter Winch na wenzake walichunguza istilahi ambazo wenyeji huzitumia kutaja maradhi yaletayo joto mwilini, wakachapisha matokeo yao mwaka 1996. Ilibainika kwamba neno "homa" lina mawanda mapana; laweza kurejelea joto la mwili na laweza pia kurejelea unyong'onyevu wa kawaida. "Homa ya malaria" nayo ilieleweka kuwa ugonjwa mwepesi, unaotibika kwa dawa za hospitali. Lakini mtoto alipokakamaa, akatupatupa mikono na miguu na kugeuza macho, ugonjwa ulibadilika jina. Uliitwa degedege, nayo ilihusishwa na pepo wa umbo la ndege. Kimofolojia, jina lenyewe limebeba imani hiyo: "dege" ni ukubwa wa "ndege", kisha likarudufiwa. Upande wa Kilifi, Kenya, hali kama hiyo huitwa nyuni, na nyuni ni neno la kale la Kiswahili lenye maana ya ndege.

Kwa daktari, degedege aghalabu ni dalili ya malaria kali. Kwa mzazi, haikuwa malaria hata kidogo, na kwa hivyo mganga wa jadi ndiye aliyeendewa kwanza. Isitoshe, wapo walioamini kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Imani hii haikukosa mantiki. Mtoto aliyecheleweshwa hufika hospitalini akiwa taabani, hudungwa sindano, na akifariki, sindano ndiyo inayolaumiwa. Bango linalotangaza kuwa malaria huua lisingemsaidia mzazi wa aina hiyo, maana halikutaja ugonjwa alioujua yeye. Hapa ndipo mwanaisimu na mwanaanthropolojia wanapohitajika kabla ya mchapaji wa mabango kuitwa.

Jambo la pili lilihusu duka. Utafiti wa Halima Mwenesi na wenzake kuhusu akina mama wa Kilifi, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba homa ya mtoto kwa kawaida ilitibiwa kwanza kwa dawa za dukani. Sera ya afya ingeweza kuendelea kulaani mazoea hayo. Badala yake, watafiti waliokuwa Kilifi, wakiongozwa na Vicki Marsh, waliwafunza wenye maduka ya vijijini namna ya kuuza dozi kamili ya klorokwini na kumweleza mnunuzi jinsi ya kuitumia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 ni ya kustaajabisha: kabla ya mafunzo, watoto wenye homa waliopata dozi ya kutosha walikuwa chini ya asilimia 4, baada ya mafunzo walizidi asilimia 60. Hakuna zahanati mpya iliyohitaji kujengwa ili hayo yatokee. Baadaye mafunzo ya namna hiyo yalipelekwa katika maeneo mengine ya Kenya, yakiwemo Kwale, Makueni na Busia.

Hata hivyo, ufumbuzi huo haukudumu ulivyo. Vimelea vya malaria vilikuwa vimeanza kuishinda klorokwini, na mwaka 1998 Kenya ikaacha kuitegemea kama dawa ya kwanza. Kuanzia mwaka 2010 mwongozo wa serikali ukataka kila mgonjwa apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria. Agizo hilo lina msingi thabiti wa kitabibu, lakini linamrudisha mtafiti kwenye neno lile lile la awali. Mama aliyezoea kuita kila joto la mwili "homa ya malaria" anaelezwa kwamba mtoto wake, ambaye bado anachemka, hana malaria. Atayaamini majibu hayo, au atapitia dukani akielekea nyumbani?