MALALO YA KWELEA KWELEA NA JINSI YA KUYATAFUTA

Ndugu mkulima, karatasi hii yahusu ndege mdogo aitwaye kwelea kwelea, na hasa mahali anapolala usiku. Huenda ukauliza, "Malalo ya ndege yanihusu nini, hali mtama wangu huliwa mchana?" Jibu ni hili: mchana ndege hawa wametawanyika katika mashamba na mbuga nyingi, wala hakuna awezaye kuwakusanya, lakini usiku hujikusanya wenyewe mahali pamoja. Ajuaye mahali hapo amemjua adui nyumbani kwake.

Hasara yao

Kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku hula mbegu kama gramu 10, yaani nusu ya uzito wake. Sasa hesabu: ndege 100,000 hula kilo 1,000, ndiyo magunia kumi ya kilo 100, kila siku. Si zote zitokazo shambani, kwa maana chakula chao cha asili ni mbegu za majani ya porini. Lakini hizo zikipungua hugeukia mtama, uwele, mpunga na ngano. Mahindi yaliyokomaa hawayawezi, kwa kuwa punje zake ni kubwa mno kwa mdomo wao. Wenyeji wa nchi kavu za Dodoma, Singida na Shinyanga wamejua siku zote kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kwa ndege hawa, haba na haba humaliza ghala.

Kwa nini malalo huhama

Usitumaini kumkuta kwelea pale alipolala mwaka jana, wala hata juma lililopita. Yeye hufuata vitu viwili, mbegu na maji. Mbegu za upande mmoja zikiisha, au dimbwi likikauka, kundi huondoka. Tena mvua za kwanza zinyeshapo, mbegu zilizo chini huota zote pamoja, na ndege hukosa chakula ghafula. Ndipo husafiri kwenda mbali. Pia wakisumbuliwa sana kwa moto au kelele huhamia penginepo. Kwa hiyo usiyachome matete walalamo kwa hasira, kwani huenda ukayageuza malalo mamoja kuwa matatu, na kazi ya kuyatafuta ikaanza upya.

Jinsi ya kuyatafuta

1. Ulizeni kwanza wachungaji wa ng'ombe, wavuvi na wakata matete. Hao hufika mahali ambapo mkulima hafiki.

2. Fanyeni kazi hii jioni, tangu saa kumi na moja hata giza liingie. Asubuhi ndege hutoka malaloni wakaenda kila upande. Jioni makundi yote huelekea mahali pamoja, nayo huonekana kwa mbali kama moshi unaokwenda na upepo.

3. Wekeni watu wawili juu ya vilima viwili, au penye miinuko, mbali kidogo baina yao, kama kilometa tatu. Kila mmoja atazame makundi yaendako, kisha alaze mti mnyofu juu ya ardhi kuelekea upande huo, na kuuacha papo hapo.

4. Asubuhi yake fuateni njia ya kila mti. Pale njia mbili zinapokutana ndipo pa kutafuta. Mtu mmoja peke yake ajua upande tu, hajui umbali.

5. Msidanganyike na mahali pa kunywea maji. Kabla ya kulala ndege hushuka kwanza mtoni au dimbwini, wakatua juu ya vichaka, na mtazamaji mwenye haraka hudhani amekwisha kuyaona malalo. Ngojeni mpaka giza. Kama ni malalo kweli, ndege hawatainuka tena.

6. Tazameni kwanza penye matete, mashamba ya miwa, na vichaka vya migunga vilivyosongamana.

Dalili za malalo

Chini utaona mavi meupe yaliyotanda, manyoya, na matete yaliyovunjika kwa uzito. Mavi yakiwa mabichi na yenye harufu kali, ndege wangali wapo. Yakiwa makavu yenye vumbi, wamekwisha hama. Tena tazama juu: mwewe, kipanga na korongo wakizungukazunguka mahali pamoja kila jioni, hawafanyi hivyo bure.

Ukikuta viota vingi vya majani vimening'inia katika miiba, hayo si malalo tu bali ni mazalio. Jike hutaga kwa kawaida mayai matatu, nayo huatamiwa siku kumi hivi. Mazalio hukaa pale pale kwa majuma kadhaa mpaka makinda yaruke, bali malalo yaweza kuhama kwa usiku mmoja.

Upelekapo habari

Mwambie Bwana Shamba mambo manne: mahali penyewe, ukubwa wake kwa hatua, siku uliyoyaona, na kama ni malalo au mazalio. Usikawie. Eropleni ikija kunyunyiza sumu juu ya matete yaliyokwisha kuachwa, fedha imepotea, sumu imeingia majini bure, na uwele wako ungali waliwa. Kwa hiyo mlinzi mmoja aende kila jioni mpaka siku ya kazi.

Nawajua watu wafichao malalo kwa sababu hutega ndege hawa kwa kitoweo, kama wafanyavyo wengi huko Kondoa. Siwalaumu, kutega ni njia njema, haina sumu, na nyama yake ni chakula. Bali wao na wenye mashamba wakae pamoja wasemezane, watege mapema kabla ya siku ya kunyunyiza. Baada ya siku hiyo mtu asiokote ndege hata mmoja, wala asiuze, wala asimpe mbwa. Sumu ile humdhuru mtu pia, na huua bundi na tai walao panya wetu.

Watoto wetu huamia ndege tangu alfajiri mpaka jua kuchwa, wakaacha masomo yao, na bado hasara yaingia. Jioni mbili za kutazama vema zaweza kuwarudishia siku nyingi. Chagueni watazamaji wenu sasa, kabla punje hazijaingia maziwa.