Nyama ya Kukausha: Maji Huondoka, Mengine Hubaki

SWALI: Nina kisukari, na nimepunguza ugali, chapati na viazi. Njaa ikinishika kazini sitaki tena biskuti, hivyo nataka kukausha nyama ya ng'ombe niwe nikiitafuna. Je, naweza kuianika juani tu kama wazee? Na kwa kuwa haina wanga, naweza kula nitakavyo? – Msomaji, Langas, Eldoret.

JIBU: Kuikausha unaweza, lakini si kwa jua la Eldoret peke yake, wala si kwa kipimo cha "nitakavyo". Makatazo yote mawili yana sababu moja: kukausha huondoa maji tu. Bakteria waliokuwamo, chumvi uliyotia na protini hubaki, tena ndani ya kipande kidogo zaidi.

Nyama huweza kuchafuka tangu inapochunwa hadi inapokatwa buchani, na bakteria kama salmonela na E. koli hustahimili ukavu. Mwaka 1995 huko Oregon, Marekani, watu waliugua E. koli kwa kula nyama ya paa iliyokaushwa nyumbani. Idara ya Kilimo ya nchi hiyo hushauri nyama ya ng'ombe ifikishwe nyuzi 71 za Selsiasi kwanza, ndipo ikaushwe kwa nyuzi 55 hadi 60, kwani bakteria wakishakauka pamoja na nyama huwa wagumu kuuawa kwa joto. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Joto lake la mchana halifiki hata nusu ya hizo nyuzi 71, na msimu wa mvua hewa yenyewe ina unyevu. Siki na chumvi husaidia, ila E. koli ya aina ile ya Oregon huvumilia hata asidi.

Utauliza: mbona wafugaji wa kaskazini wameanika nyama vizazi na vizazi? Ni kweli, lakini tazama kazi yote. Nyirinyiri ya Waborana na Wasomali haiishii kwenye kamba. Nyama huanikwa kwenye jua kali na hewa kavu, kisha hukatwakatwa, hukaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Mafuta ya kukaangia hupita nyuzi 100 kwa mbali. Basi desturi na ushauri wa kisasa vinakubaliana kwamba moto ni lazima. Anayechukua kamba na kuacha karai amechukua nusu ya desturi.

Nunua steki isiyo na mafuta, kwani mafuta huchacha, na hakikisha nyama ina muhuri wa mkaguzi. Iache kwenye friza ianze kuganda ili uweze kuikata vipande visivyozidi unene wa milimita 6. Chemsha maji yenye pilipili manga, tangawizi, kitunguu saumu na siki kidogo, tumbukiza vipande, na yakichemka tena hesabu dakika 5. Kwa mwinuko wa Eldoret maji huchemka karibu nyuzi 93, ambazo bado zinatosha. Vipange kwenye waya wa oveni bila kugusana, moto uwe wa chini kabisa na mlango wazi kidogo ili mvuke utoke. Vimekuwa tayari pale ukikunja kimoja, nyuzi zikapasuka bila kukatika. Vifunge kwenye chombo kikavu na uvimalize ndani ya wiki 2, au uviweke kwenye friza.

Sasa kipimo. Kilo 1 ya nyama mbichi huacha takriban gramu 400. Ukiitia gramu 20 za chumvi, kiganja cha gramu 50 kitakuwa na chumvi gramu 2.5, nusu ya kikomo cha siku cha Shirika la Afya Duniani, na wenye kisukari wengi wana shinikizo la damu pia. Usiseme yako ni salama kwa kuwa haikutoka kiwandani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilipotangaza mwaka 2015 kwamba nyama iliyosindikwa husababisha saratani ya utumbo mpana, lilijumuisha hata iliyohifadhiwa kwa chumvi au moshi. Gramu 50 kila siku huongeza hatari hiyo kwa asilimia 18 juu ya ile uliyo nayo.

Kwa hiyo tia chumvi kidogo sana, usiifukize moshi, na uile mara mbili kwa wiki. Siku nyingine beba yai la kuchemsha, karanga au parachichi. Kama unatumia insulini au glibenklamidi, zungumza na kliniki yako kabla ya kupunguza wanga zaidi, maana sukari inaweza kushuka ghafla. Na kama figo zimeguswa, uliza kiasi cha protini unachoruhusiwa. Kilo ikishakauka, igawe papo hapo katika vifuko vya gramu 30, ubebe kimoja tu kazini. Kifuko hicho ni sawa na gramu 75 za nyama mbichi, na hizo ndizo za kuhesabu unapopanga chakula cha jioni.