Breki Kwanza: Kwenda Kazini kwa Baiskeli Milimani

Kisii na Nyamira ni maeneo ya milima. Mpando humchosha mwendesha baiskeli, lakini mteremko ndio humuumiza. Baiskeli aina ya Black Mamba ina rimu za chuma. Mvua ya alasiri ikizilowesha, raba za breki huteleza na baiskeli huenda mbali kabla ya kusimama. Mzigo huzidisha hatari.

Kabla ya kwenda kazini, mwendeshaji abane breki zote mbili huku akiisukuma baiskeli. Magurudumu yakizunguka, aipeleke kwa fundi abadilishiwe raba. Mvua ikinyesha, abane breki mapema, kidogo kidogo, kupangusa maji kwenye rimu. Mteremko ukiwa mkali na njia ya udongo ina utelezi, ashuke aikokote. Giza likiingia, awashe taa ya mbele na ya nyuma.