Parachichi na kontena: soma kibao cha mlangoni kabla hujapakia

Wengi mnaouza parachichi nje mmeshaiva kwenye kuvuna na kupanga madaraja. Ila kontena likifika, kila mtu anakimbilia kupakia. Hapo ndipo hela inapopotelea, maana likikataliwa bandarini, meli haisubiri na tunda nalo halisubiri. Leo tujifunze kulikagua.

1. Kibao. Tafuta mlangoni kibao cha chuma chenye herufi CSC. Kinatokana na Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Makontena wa mwaka 1972, ulioanza kutumika 1977. Kinaonyesha lini kontena lilitengenezwa, uzito wa juu kabisa linaoruhusiwa kufikia likiwa na mzigo, na uzito linaoweza kubebeshwa juu yake. Ukaguzi wa kwanza hufanyika kabla ya miaka 5 kuisha tangu litengenezwe, halafu kila miezi isiyozidi 30. Kama huoni tarehe ya ukaguzi, tafuta herufi ACEP: maana yake mwenye kontena ana mpango wa ukaguzi ulioidhinishwa. Vyote havipo, au tarehe imepita? Usipakie. Mpigie wakala wako alibadilishe.

2. Nguzo na milango. Melini makontena hupangwa moja juu ya jingine, na uzito wa yaliyo juu hushukia kwenye nguzo 4 za pembe. Nguzo iliyopinda au kupasuka ni hatari kwa watu na mizigo. Kisha mtu aingie ndani mfunge milango: akiona mwanga, kuna tundu. Lazima mwenzake abaki nje, kwa sababu komeo ziko nje.

3. Uzito. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kontena halipakiwi melini bila uzito uliothibitishwa. Njia ni mbili: kulipima zima likiwa limeshapakiwa, au kupima kila kitu kinachoingia (maboksi, paleti, hata kamba) kisha kujumlisha na uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni. Kukisia kwa macho hakukubaliki. Jina lako likiwa kwenye hati ya shehena kama mwenye kusafirisha mzigo, jukumu ni lako, siyo la dereva. Na usisahau, mizani ya barabarani nayo ina kikomo chake.

4. Baridi. Kontena la friji limeundwa kutunza baridi, siyo kupoza tunda lililotoka shambani na joto. Poza kwanza. Hewa baridi hutokea chini, kwenye mifereji ya sakafu, kwa hiyo usiizibe. Na usipange maboksi kupita mstari mwekundu ulio juu ukutani, hewa itakosa njia ya kurudi.

Ukaguzi huu hauchukui hata nusu saa. Piga picha kibao, nguzo na namba ya kontena, uzitunze. Siku mtu akisema kontena liliharibikia kwako, utakuwa na cha kuonyesha.

Kazi njema!